Ford dhidi ya Ford: Comet na Cortina kwenye tope la Pasaka 1964

Mvua imegoma kukatika tangu juzi, vijiwe vyote vya nje vimehamia vyumbani, na chumbani kwetu maongezi yakikosa mwelekeo yanaishia kwenye vitu viwili: mpira au magari. Safari hii ilikuwa magari. Mshkaji mmoja (simtaji, ana mtihani) alikuwa anaangalia sinema ya zamani ya Kimarekani, yale magari marefu kama mtumbwi wa kokoro, yana mapezi kule nyuma na kioo cha mbele kipana kama cha duka. Akasimamisha sinema, akauliza: "Hivi kama Mmarekani alikuwa na vyuma hivi miaka ya hamsini na sitini, mbona wazee wetu wanakumbuka Land Rover, Peugeot na Bedford tu? Hizi zilipita wapi?"

Wengine wakacheka. Mimi nasoma historia, nikaona jamaa katupa swali la semina bila kujijua. Nimekaa nalo wiki nzima badala ya kubukua ninachotakiwa kubukua. Nataka nilijibu kwa kutumia gari mbili tu, maana nikianza kutaja zote tutakesha.

Ya kwanza ni Mercury Comet ya 1964. Hii ni ya Marekani kwa kuzaliwa na kwa malezi. Ya pili ni Ford Cortina GT. Hii ilizaliwa Dagenham, nje kidogo ya London, lakini usidanganyike na cheti cha kuzaliwa, mwenye mali alikuwa huyo huyo wa Dearborn, Michigan. Gari mbili za baba mmoja, zikakutana kwetu Afrika Mashariki, Pasaka ya 1964, kwenye tope. Mmoja akarudi nyumbani na kombe, mwingine karibu wote wakabaki njiani. Ukielewa kwa nini, umeelewa na kwa nini babu yako hakuwahi kupanda Chevrolet ndefu.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna watu wanaamini Wamarekani hawakuwahi kuwa na soko huku. Walikuwa nalo, tena kubwa. Miaka ya 1920 na 1930 barabara za Kenya na Tanganyika zilikuwa zimejaa Ford, Chevrolet na Buick. Mwingereza anatawala, lakini Mmarekani ndiye anauza gari. Inachekesha lakini ina sababu mbili nzito.

Sababu ya kwanza ni ya kodi, na ilitoka Uingereza kwenyewe. Kuanzia 1921 serikali yao ilitoza kodi ya gari kwa kila nguvu ya farasi, pauni moja moja, na hizo nguvu hawakuzipima barabarani, walikokotoa kwa upana wa silinda. Matokeo yake viwanda vya Uingereza vikaanza kutengeneza injini nyembamba, vigari vidogo, vyepesi, vya barabara ya lami ya kijijini kwao. Mmarekani hakuwa na kodi hiyo. Na kule kwao nako, vijijini barabara zilikuwa za vumbi na matope kama zetu, kwa hiyo gari lake lilikuwa na miguu mirefu, injini inavuta kutoka chini, na fundi yeyote anaweza kulifunga. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa hivyo hivyo. Mkulima wa Kansas na mwenye duka wa Tabora shida yao ilikuwa moja.

Sababu ya pili ni ya mikataba. Eneo letu lote lilihesabiwa ndani ya lile linaloitwa Bonde la Kongo kwenye Mkataba wa Berlin wa 1885 (ndiyo, ule ule wa kugawana Afrika), na baada ya Vita ya Kwanza wakaurekebisha Saint-Germain mwaka 1919. Mkataba ulisema biashara iwe huru, bidhaa za mataifa yote zitozwe ushuru sawa. Kwa hiyo Mwingereza hakuweza kuyabeba magari yake kwa ushuru nafuu hapa kama alivyofanya kwenye makoloni mengine. Sisi kwenye semina tunaijua Berlin kwa kukata mipaka tu. Kumbe ilikata na bei ya magari.

Haya, sasa kilichobadilika ni nini? Dola.

Baada ya Vita ya Pili Uingereza ilitoka imefilisika. Ina deni Marekani, ina uhaba wa dola, na makoloni yote yaliyotumia fedha iliyofungwa kwenye pauni, pamoja na shilingi yetu ya Afrika Mashariki, yakaingizwa kwenye mfumo mmoja wa kubana fedha za kigeni. Ukitaka kununua kitu cha dola, uombe kibali. Ukitaka cha pauni, karibu dukani. Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa aliuza pamba, pamba ikaleta fedha ya kigeni, lakini yeye au chama chake cha ushirika hakikuwa na uhuru wa kuzitumia hizo dola kununua lori Detroit. Pauni haikuruhusiwa kubadilishwa kirahisi kwa dola mpaka Desemba 1958. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi, na miaka hiyo kumi ndiyo hasa ile ya yale magari ya mapezi ambayo mshkaji wangu anayaona kwenye sinema. Hayakupita huku kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli la benki.

Ongeza na kwamba huku tunaendesha kushoto, usukani upo kulia, na gari la Kimarekani la kawaida usukani wake upo kushoto. Ongeza bei ya petroli. Ila nasisitiza, kufuli kubwa lilikuwa dola.

Sasa Mmarekani ni mfanyabiashara, akifungiwa mlango wa mbele anazunguka nyuma. General Motors walikuwa wameinunua Vauxhall ya Uingereza tangu 1925, na kuanzia 1931 Vauxhall wakawa wanatengeneza malori kwa jina la Bedford. Ford nao walikuwa na kiwanda kikubwa Dagenham tangu 1931. Kwa hiyo gari lililokuja kwa pauni, kwa kibali cha Mwingereza, na bendera ya Mwingereza kwenye tangazo, mara nyingi lilikuwa mali ya Mmarekani.

Hili nililipeleka nyumbani likizo iliyopita. Kwa wasiopajua, nyumbani ni Mwigobero, Musoma mjini, pale ziwani, kwenye soko na mitumbwi, ukitoka Kinesi unashukia hapo. Kuna mzee jirani yetu ambaye ujana wake aliumalizia kwenye lori, akiwa taniboi, wanabeba pamba na wakati mwingine samaki wakavu. Nikamfuata kibarazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umerudi na vyeti au umerudi na njaa?"

"Njaa babu. Nilitaka kuuliza, enzi zenu mliwahi kufanya kazi na gari la Mmarekani?"

"Mmarekani? Hapana. Sisi gari letu lilikuwa Bedford. La Mwingereza lile. Chuma."

Nikamweleza habari ya Vauxhall na General Motors. Akanyamaza muda, akawa anaangalia ziwa. Kisha akasema: "Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa namsukumia Mmarekani?"

Na kusukuma walisukuma kweli. Alinieleza kuhusu udongo wa mbuga, ule mweusi, ambao kiangazi unapasuka kama mguu usiopakwa mafuta na masika unageuka gundi. Alisema kitu ambacho nakiweka hapa kwa sababu nitakirudia: lori tupu lilikuwa linapita, lori hilo hilo likiwa na marobota linazama, dereva ni yule yule na injini ni ile ile. Sasa mkumbuke hilo tukifika 1964.

Ile Safari yenyewe ilianza 1953, Mei kwenda Juni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ndiyo maana mwanzoni iliitwa Coronation Safari. Mwaka wa kwanza waliondokea sehemu tatu: Nairobi, Kampala na Morogoro. (Watu wa Moro mnajua kwamba mji wenu upo kwenye historia hii?) Kitu kilichonivutia ni jinsi walivyoyapanga magari kwenye madaraja. Hawakuangalia ukubwa wa injini, waliangalia bei ya dukani. Maana shabaha ilikuwa kujua gari la kawaida, la kununuliwa na mtu wa huku, lipi linahimili barabara za huku. Kwa hiyo yalikuwa mbio, lakini pia yalikuwa gulio. Aliyeshinda alifungua duka. Volkswagen walitamba mwanzo, Mercedes wakachukua 1959, 1960 na 1961, Peugeot 404 ikachukua 1963, na ukiangalia magari ambayo wazee wanayakumbuka, ni kama orodha hiyo hiyo.

Tangu 1960 jina likawa East African Safari. Walizoea kuipanga Pasaka, na Pasaka huku ni masika. Mwaka 1963 mvua iliwafundisha adabu: yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Saba! Hiyo habari ilizunguka dunia, na nadhani ndiyo iliyowatia hamu watu wa Detroit.

Maana hapo ndipo Comet inapoingia. Comet ilitoka 1960 ikiwa ndugu mkubwa wa Ford Falcon. Hapo awali ilikusudiwa iuzwe chini ya jina la Edsel, lakini Edsel ikafa kifo cha aibu kabla Comet haijafika sokoni, ikabidi iuzwe kwenye maduka ya Lincoln na Mercury, na miaka miwili ya mwanzo haikuwa hata na jina la Mercury mwilini. Yatima kabisa. Kufika 1964 wakaivalisha upya, bodi ya pembe pembe, na wakaipa injini ya V8 ya lita 4.7, nguvu za farasi zaidi ya 200. Sifa waliyotaka kuiuzia ni uimara. Vijana waliipenda kwa mbio, lakini tangazo lilisema: hili gari halichoki.

Ili kulithibitisha hilo walifanya jambo ambalo mimi naliona la ajabu mpaka leo. Majira ya kupukutika kwa majani, mwaka 1963, walizipeleka Comet kwenye uwanja wa mbio wa Daytona, Florida, wakaziendesha usiku na mchana kwa siku kama 40. Gari nne zikatimiza maili 100,000 kila moja, yaani kama kilomita 160,000, kwa wastani wa zaidi ya maili 105 kwa saa. Hiyo ni kilomita 169 kwa saa, wastani, kwa siku arobaini! Bodaboda wa kwetu akisikia anavua helmeti kwa heshima.

Baada ya hapo nini kilichobaki kuthibitisha? Wakatafuta barabara mbaya kuliko zote duniani. Wakaipata kwetu. Fundi wao mkuu wa mbio, Bill Stroppe wa Long Beach, California, akaziandaa, na timu nzima ikaja Nairobi na fungu la fedha ambalo hapa halikuwa limezoeleka.

Upande wa pili Cortina. Ilitoka Septemba 1962, imepewa jina la mji wa milimani Italia, Cortina d'Ampezzo, ule wa Olimpiki ya baridi ya 1956. Lengo la waliyoichora lilikuwa moja: gari la familia, pana kiasi, lakini jepesi na la bei nafuu. Walikata kila kilo iliyokatika. Bodi haikuzidi sana kilo 800. GT iliyotoka 1963 ilikuwa na injini ya cc 1,498 na nguvu za farasi 78. Sabini na nane! Hata nusu ya Comet haifiki. Comet kwa upande wake ilizidi kilo 1,300 kabla hujaipakia spea, majembe, minyororo, madumu ya mafuta na wanaume wawili.

Na hapa nikumbushe tena mwenye mali. Ford ya Uingereza ilikuwa na wenye hisa Waingereza mpaka mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, ambapo Ford ya Marekani ikanunua hisa zote zilizobaki. Kwa hiyo 1964 Comet na Cortina zinapanga foleni Nairobi, faida ya moja na faida ya nyingine zinakwenda mfuko mmoja. Ukiniuliza, ile timu ya Comet haikuja kushindana na Cortina kibiashara huku. Hakuna aliyetarajia kuuza Comet Musoma. Walikuja kupiga picha za kuwaonyesha wanunuzi wa Ohio: jamani gari letu limeshinda Afrika. Cortina ndiyo ilikuwa na duka hapa. Hii tofauti ni kubwa kuliko tofauti ya injini, na naona wengi wanaoandika kuhusu magari wanaipita haraka.

Mwaka wenyewe mnaujua. 12 Januari 1964 Mapinduzi Zanzibar. 20 Januari wanajeshi wanaasi Dar es Salaam, na kabla wiki haijaisha Waingereza wanaitwa kuwatuliza. Kenya ina miezi mitatu tu ya uhuru. Pasaka ikaangukia 29 Machi. Mwezi mmoja baadaye, 26 Aprili, Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Katikati ya hayo yote, kuna watu wanakimbiza magari kutoka nchi moja hadi nyingine, na kuna watoto wamesimama kandokando ya barabara wanashangilia. Historia yetu ya vitabuni haina nafasi ya watoto hao.

Kuna na jambo la pembeni linalochekesha. Zanzibar, pale Tunguu, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya anga za juu, walichokijenga kwa ajili ya mradi wao ulioitwa Mercury. Serikali ya Karume ilikitaka kiondoke, na Aprili 1964 kikafungwa. Hakuna uhusiano wowote na gari, ni jina tu. Ila kwa wiki chache za masika ya mwaka ule, kila kitu cha Mmarekani chenye jina Mercury huku kwetu kilikuwa kinafungasha.

Mbio zikaenda zaidi ya kilomita 5,000. Mvua ikanyesha, kama kawaida ya Pasaka. Yalianza magari 94. Yakamaliza 21. Wa kwanza: Peter Hughes na Billy Young, Ford Cortina GT. Cortina wakachukua na zawadi ya timu. Comet? Zilifika mbili tu, ya 18 na ya 21. Ya 21 kati ya 21.

Zile gari zilizozunguka Daytona siku arobaini bila kuchoka.

Sasa hapa ndipo nataka tubishane, maana maelezo rahisi ni kwamba "gari la Marekani bovu", na mimi nayakataa. Comet haikuwa bovu. Daytona haikuwa uongo. Lakini Daytona walipima nini? Walipima injini inayozunguka kwa kasi moja kwenye sakafu laini, mafuta safi, fundi yupo kila mzunguko. Masika ya kwetu yanapima vitu vingine kabisa: shimo ambalo hulioni kwa sababu limejaa maji, springi na shokapu zinazopigwa maelfu ya mara, vumbi linaloingia kwenye kabureta asubuhi na tope linaloziba rejeta jioni, na zaidi ya yote, uzito. Ukizama, nguvu za farasi 200 zinakusaidia kuchimba shimo lako haraka zaidi. Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wa Mwigobero na marobota yake.

Ushahidi bora ni aliyeshika nafasi ya pili. Erik Carlsson wa Sweden alikuja na Saab 96, kigari chenye injini ya silinda tatu, hata cc 900 haifiki, ya kuchanganya oili na petroli kama pikipiki ya zamani. Mwaka ule alikwama kwenye tope, akakibingirisha kigari chake juu chini mpaka kikatoka kwenye shimo, akakiwasha, akaondoka. Watu hawakuamini, ikabidi baadaye afanye tena mbele ya waandishi. Hebu jaribu kuibingirisha Comet. Utaita kijiji kizima, na bado mtasubiri mahakama ya ajali. Teh teh.

Lakini Carlsson naye hakushinda, na hiyo ndiyo hoja yangu ya mwisho kuhusu mbio zenyewe. Kuanzia 1953 mpaka 1971 hakuna mgeni aliyewahi kuja akaondoka na Safari. Kila mshindi alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Wa kwanza kutoka nje alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, 1972. Hughes, mshindi wa 1964, alikuwa mmoja wa wale saba waliomaliza 1963, akiwa ndani ya Ford Anglia, gari dogo zaidi hata ya Cortina. Mwaka uliofuata, 1965, wakashinda ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, kwa Volvo PV544, gari ambalo muundo wake ulishaanza kuzeeka. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, akashinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Hawa walijua mto gani ukijaa usiusubiri, na udongo gani ukiukanyaga breki umekwisha. Ford ya Uingereza nayo ilikuwa na kumbukumbu, Zephyr yao ilishinda 1955, kwa hiyo kufika 1964 Dagenham walikuwa wameshasoma darasa la miaka karibu kumi. Detroit walikuja na desa la Daytona kwenye mtihani wa somo lingine.

Na kuna elimu ambayo haikuandikwa popote: mafundi wa gereji za Nairobi, Kampala na Dar waliokesha chini ya magari, na wanavijiji waliosukuma. Kwenye picha za zamani utaona mikono mingi kwenye buti la gari, majina chini ya picha mawili tu. Nimesoma Rodney kama wote (kitabu chake kilitoka 1972, hapa hapa Mlimani alifundisha), na sihitaji kumnukuu kuona nani alitoa jasho na nani alihesabu.

Kilichofuata ni kifupi. Comet haikupata duka huku. Bei ya mafuta ilipopanda 1973, hata mwenye fedha hakuwa na sababu ya kutafuta V8, na miaka ya mwanzo ya 1980 Tanzania magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mbio zenyewe tangu katikati ya miaka ya 1970 zikabaki Kenya peke yake. Mpaka leo hakuna gari lililoundwa Marekani lililowahi kushinda Safari. Lakini hesabu za mlango wa nyuma ni tofauti: Zephyr 1955, Cortina 1964, Taunus ya Ujerumani 1969, Escort 1972 na 1977, zote Ford, na Opel Ascona 1983, ambayo ilikuwa ya General Motors. Ushindi sita kufika 1983, na mwenye mali yuko Michigan.

Aliyekuja kuwafunga wote hakuwa kwenye hesabu za mtu yeyote 1964. Datsun ilishinda 1970, ikarudia 1971, na Wajapani hawakutoka tena. Leo pale stendi Musoma hesabu mwenyewe: Hiace, Noah, Probox. Na neno V8, kwa Mtanzania wa sasa, ni Land Cruiser la kiongozi linalopita na vumbi lake. Mshkaji wangu wa chumbani aliposikia kwamba V8 za kwanza kuletwa na timu kubwa huku ziliishia mkiani, akasema habari hiyo apewe mbunge wake.

Mercury nao hawapo tena. Ford walitangaza Juni 2010 kwamba wanalifuta jina, gari la mwisho likatoka kiwandani Januari 2011. Bedford lilishakufa siku nyingi, ingawa mzee wa Mwigobero anasema aliona moja miaka si mingi iliyopita njia ya Bunda, limebeba mchanga.

Mliopo Mara au mnaokwenda likizo, ombi moja. Muulizeni babu au baba mkubwa aliwahi kusukuma gari gani, wapi, mwaka upi, na kama ana picha ipigeni picha. Mimi nakusanya. Mpaka sasa nina Bedford tatu, Land Rover tano, Peugeot 404 moja ya kubeba abiria, na Chevrolet moja ya kabla ya vita ambayo bibi mmoja anasema alipandishwa siku ya harusi yake, ikazima mlimani, akamalizia kwa miguu.